Kwenda na mtoto mdogo kwenye kitalu cha dungusi: yaliyonikuta

Mleta mada ameuliza kama inafaa kwenda na mtoto wa miaka 4 kwenye kitalu cha dungusi na mimea mingine adimu, au amwache tu nyumbani. Mimi nimeshakwenda na wangu mara tatu. Ya kwanza tulirudi analia.

Kosa lilikuwa langu. Nilimwonya kuhusu miiba, na kweli miiba mikubwa aliiogopa mwenyewe, akakaa nayo mbali. Kilichomponza ni mpungate mmoja, aina ya dungusi, usio na mwiba hata mmoja wa kuonekana, una vidoadoa tu vya rangi ya dhahabu, ukiutazama utadhani mahameli. Akaupapasa. Kumbe kila kidoa ni kishada cha vinyweleo vyenye kulabu, vikishaingia kwenye ngozi havitaki kutoka. Akaanza kusugua, vikazidi kuzama. Muuzaji akaja na selotepu, tukawa tunabandika na kubandua, bandika bandua, vilivyobaki tukavitoa kwa kibanio. Siku hizi selotepu haikosi kwenye mkoba wangu. Na jambo la kwanza ni kuushika mkono usifike machoni wala mdomoni.

Macho yananikumbusha jamii ya mnyaa, ile yenye utomvu mweupe. Vitalu vingi huichanganya na dungusi kwa sababu zinafanana. Tone likiingia jichoni ni balaa, kwa hiyo muulize muuzaji imepangwa wapi, na hapo mpite umembeba.

Mara ya tatu ndiyo iliyonoga. Tulianzia kwenye mimea inayokula wadudu. Muuzaji akampa kijiti chembamba, akamwonyesha vile vinywele vya ndani ya mtego wa nzi: ukigusa mara moja, kimya, ukigusa tena kabla ya sekunde kama 20 kupita, pap! Umefunga. Basi mtoto akataka kufunga yote ya meza nzima. Akakatazwa kwa upole, maana kila mtego hufunga mara chache tu katika uhai wake halafu hufa, na kufunga bure kunaudhoofisha mmea. Nikamhamishia kwenye kifaurongo. Huo unavumilia: unalala ukiguswa, na baada ya dakika kadhaa unainuka tena. Alichuchumaa pale kuusubiri uamke, na sijawahi kumwona ametulia hivyo.

Ila usijidanganye kwamba utapata nafasi ya kuchagua mimea yako. Kukagua mizizi, kuuliza majina, kulinganisha vyungu, hayo nenda peke yako siku nyingine. Ukiwa na mtoto, nusu saa inatosha. Kigari chake kiache nje, vijia ni vyembamba na mipira ya maji imetandazwa kila mahali.

Mwisho mwache achague mmoja wa kwake. Mimi nilimwelekeza kwenye haworthia, kimmea kidogo cha majani manene kama mshubiri, haina miiba ya kuchoma wala utomvu wa kuwasha. Iko dirishani hadi leo. Ugomvi uliobaki ni wa maji: yeye anataka kuimwagilia kila asubuhi.