Nzuri, ila homa tu

SWALI: Maalim, assalaam alaykum. Mwanangu kapata nafasi ya chuo, na barua inasema atasoma "Sayansi ya Habari". Majirani hapa Wete wananipa hongera kuwa karibu tutamsikia redioni. Mwenyewe anasema sivyo, anakwenda kusoma kompyuta na hesabu, na tena muhula wa kwanza ana somo la falsafa. Neno lipi ndilo, habari au taarifa? Na hiyo falsafa imefuata nini humo?

JIBU: Waalaykum salaam, mama. Hongera zipokee, na majirani usiwalaumu. Ukimwambia mtu wa Pemba "khabari", jambo la kwanza linalomjia ni salamu, la pili ni redio ya saa mbili usiku. Hesabu haimo.

Kumbe hesabu imo, na salamu hiyo hiyo inaionyesha. Mwaka 1948 Mmarekani Claude Shannon, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara za Bell, kampuni ya simu, alitafuta njia ya kuupima ujumbe. Akaupima kwa jinsi ulivyokuwa mgumu kubashiriwa. Mtoto akificha komwe ya bao katika ngumi moja akakuuliza "mkono upi?", jibu lake linakuondolea shaka ya mambo mawili yaliyo sawasawa, na kipimo hicho ndicho kiitwacho biti moja. Sasa mtu akikuuliza "khabari za asubuhi?" unajibu nini? "Nzuri." Hata ukiwa umejifunika shuka na meno yanagongana: "Nzuri, ila homa tu." Hiyo "nzuri", kwa kuwa kila mtu alishaijua kabla hujafungua kinywa, kwa kipimo cha Shannon ni sifuri. Khabari yenyewe inaanzia kwenye "ila".

Shannon aliiweka maana kando, kwa sababu waya wa simu haujali unapitisha matanga au harusi. Hapo ndipo falsafa ilipoingilia. Je, jambo la uongo nalo ni taarifa? Mwanafalsafa Mtaliano Luciano Floridi anasema sio: lisilo kweli halistahiki jina hilo. Lakini waliosoma balagha, elimu ya ufasaha wa Kiarabu, kwa masheikh watakwambia kinyume. Kwao khabari ni kauli inayoweza kuwa kweli au uongo; "mvua imenyesha Konde" ni khabari hata kama Konde kukavu, na "funga mlango" si khabari, ni inshai, yaani kauli kama amri au ombi, isiyoweza kuambiwa kweli wala uongo. Katika nahau, yaani sarufi, ya Kiarabu, khabari pia ndiyo inayokamilisha mubtada, lile neno linalozungumziwa, nasi katika sarufi yetu mahali pake tumeweka kiarifu. Kiarifu, taarifa na maarifa ni mzizi mmoja wa Kiarabu. (Maarifa ni haya, mama, si "hii". Siku hizi nalisikia kosa hilo hata kwa walimu.)

Kuhusu sayansi na falsafa, sisi tunaziona kama wageni wawili wasiojuana kwa kuwa zimetufikia kwa majahazi tofauti: falsafa kutoka Kigiriki kupitia Kiarabu, sayansi kutoka Kiingereza, ambacho kiliipata kwa Kilatini, na huko maana yake ilikuwa kujua tu, yaani elimu. Zamani zilikaa nyumba moja. Kitabu cha Newton cha mwaka 1687, chenye kanuni za mwendo na mvutano, jina lake linasema ni hisabati ya falsafa ya maumbile. Neno la Kiingereza la kumwita mtu mwanasayansi halikutungwa hadi miaka ya 1830. Kwa nini basi tusiseme "elimu ya habari" tukamaliza? Kwa sababu elimu kwetu imebeba mengi mno: dini, skuli, hata wizara.

Mimi ningeandika "Sayansi ya Taarifa". Habari nayo si kosa, imo hata ndani ya TEHAMA (Teknolojia ya Habari na Mawasiliano), na barua ya chuo huwezi kuirudisha. Lakini taarifa haina mazoea ya salamu wala ya mtangazaji, na inakubali kuhesabiwa: taarifa hii, taarifa hizi. Majirani waambie kijana anakwenda kusomea namna taarifa zinavyopimwa, zinavyohifadhiwa na zinavyotafutwa. Wakikuuliza redioni ataanza lini, waambie nzuri, ila.