Mkanda wa kunolea si mkanda wa suruali

Jumamosi iliyopita niliingia kwenye fremu yangu ya kushonea ngozi hapa Moshi saa mbili asubuhi, na kabla sijatundika koti pua ikanasa harufu ya gundi ya viatu. Ajabu ni kwamba wiki nzima hatukuwa na kiatu hata kimoja mezani. Nikawatazama vijana wangu wawili. Mmoja akainama kutafuta shazia chini ya benchi, mwingine akanipa shikamoo ya pili wakati ya kwanza nilikuwa bado naiitikia. Nikaenda ukutani, nikaupitishia kiganja mkanda wa mazoezi, ule wa ngozi wa kupitishia wembe wa kukunja, na kama shibiri moja kutoka kwenye pete kiganja kikajikwaa.

Sikusema kitu. Nilikunywa chai yangu na kitumbua. Ila tangu siku hiyo maneno yamenikaa kooni, basi ngoja niyateme hapa, kwa hao wawili na kwa nyie wadogo zangu mlioanza juzi kunyoa kwa wembe wa kukunja, ambao kila wiki mnanitumia picha za mikanda iliyochanwa mkiniuliza kama inatibika.

1. Mkanda hautii makali. Kinoo ndicho kinachokula chuma na kutengeneza makali. Mkanda unayanyoosha tu. Makali ya wembe ulionolewa vizuri hayafiki unene wa mikroni moja, wakati unywele wa kichwani ni kama mikroni sabini, kwa hiyo ukishapita kwenye ndevu mara moja yanalala, yanapinda huku na kule kama majani ya mgomba baada ya upepo. Mkanda unayasimamisha. Kuna ndugu yetu aliokota wembe wa Sheffield kwenye mitumba pale Memorial, butu kiasi cha kutopasua bahasha, akaupiga mkanda nenda-rudi mia nne halafu akaja kuulalamikia mkanda wangu. Aisee! Huko ni kumpigia mbuzi gitaa. Peleka wembe kwenye kinoo kwanza, halafu ndio tuzungumze.

2. Ngozi. Hii nitaieleza kwenye namba nne, kwa sababu niliisomea kwa adhabu.

3. Turubai kwanza, ngozi baadaye. Nenda-rudi thelathini kwenye turubai na sitini kwenye ngozi zinatosha. Asiye na turubai zuri aende gereji, akate mkanda wa kiti wa Hiace iliyokufa, auoshe kwa sabuni mpaka maji yatoke meupe. Unafanya kazi vizuri kuliko mnavyodhani.

4. Mgongo wa wembe unatangulia, makali yanafuata, na kugeuza unageuzia kwenye mgongo. Ukifika mwisho, simama. Mgongo ubaki umelala kwenye ngozi, zungusha wembe kwa vidole, si kwa kifundo cha mkono, ndio urudi. Hayo mnayajua, wote mnayaimba. Mimi pia nilikuwa nayaimba.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeshuka kutoka Kibosho na nguo zangu kwenye mfuko wa Rambo, nikapokelewa na mzee mmoja fundi ngozi mtaa wa Kiusa. Tulimwita Meku, kama unavyomwita mzee yeyote huku kwetu, na sidhani kama wateja nusu yao walijua jina lake. Alishona mikoba na mikanda ya suruali, akitengeneza viatu kwa shingo upande. Mwenyewe alikuwa ananyoa kwa wembe wa Solingen alioachiwa na mzungu mmoja wa shamba la kahawa, na pamoja na wembe aliachiwa mkanda wa ngozi ya farasi. Rangi yake ilikuwa kama buni iliyokaangwa. Kila asubuhi, kabla ya kuugusa kwa wembe, Meku aliusugua kwa kiganja kwenda na kurudi, polepole, mpaka ngozi ipate joto. Miaka thelathini ya kiganja kimoja! Uso wa ule mkanda ulikuwa unang'aa bila dawa yoyote. Kwetu sisi wanafunzi amri ilikuwa moja: tazama, usiguse.

Ijumaa moja Meku akaenda msibani Marangu, akaniachia fremu. Wiki hiyohiyo kwenye kibanda cha video nilikuwa nimeona kinyozi wa sinema, anapiga wembe kwenye mkanda chap-chap-chap huku anaongea na mteja na wala hatazami mikono. Nikautungua mkanda wa Meku, nikaunasa kwenye komeo la mlango. Hapo ningeweza kuwa nimesalimika, maana komeo lilikuwa limelegea na mimi ni mwoga. Tatizo akapita yule dada aliyekuwa anauza vitumbua, na ndoo yake kichwani, akasimama kutazama.

Mnajua kijana wa miaka kumi na tisa akitazamwa anakuwaje. Nenda-rudi ya kwanza, safi. Ya pili, nikaongeza mwendo. Ya tatu nikamtazama yeye badala ya wembe. Ya nne mkono ukageuka kabla wembe haujasimama, na kilichogusa ngozi kwanza kilikuwa makali. Sauti yake ni ndogo sana, kama mtu anayefungua bahasha chumba cha pili. Nilipoangalia chini, katikati ya mkanda kulikuwa na kiulimi cha ngozi kimesimama, umbo la mwezi mwandamo, upana wa ukucha wa kidole gumba.

Yule dada akasema, "Umeukata," akaenda zake kuuza vitumbua.

Mpaka hapo ni ajali. Kila anayetumia mkanda ataukata siku moja, na asiyewahi basi anadanganya au hanyoi. Kosa lenyewe nililifanya nusu saa baadaye, nikiwa na akili zangu timamu. Nikachukua gundi ya viatu, nikapaka chini ya kile kiulimi kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate, nikakipiga nyundo, nikafuta iliyovuja, na juu nikapitisha dawa ya viatu ya kahawia. Nikarudi nyuma hatua tatu kutazama. Haukuonekana kitu! Nikajipongeza kabisa, nikajinunulia soda.

Jumatatu Meku akarudi na ndevu za siku tatu za matanga. Akautundika mkanda kwenye ndoano yake, akaanza kusugua kwa kiganja. Mimi nilikuwa nashona mfuko wa mkoba na macho yangu hayakuwa kwenye mkoba. Kiganja kikaenda, kikafika pale, kikasimama. Kikarudi nyuma kidogo, kikapita tena, polepole. Halafu akachukua wembe akaanza kazi kama kawaida, akihesabu kwa Kichagga chinichini, mpaka sitini, wembe ukipita juu ya ile gundi iliyokauka kila safari. Shazia ikanichoma kidole na sikuisikia.

Gundi ikikauka inakuwa na vichembe vigumu, na makali membamba kiasi kile yakigonga kichembe mara sitini yanamegeka. Alipoanza kunyoa, mkato wa kwanza kutoka chini ya sikio ulichora mstari mwekundu mpaka karibu na kidevu. Akaosha, akapaka shabu, akabandika kipande cha karatasi, akafungua dirisha la fremu. Siku nzima kila mteja aliyeingia aliuliza, "Vipi tena, Meku?" Na kila mteja alijibiwa hivyohivyo: "Nimekosea mwenyewe." Niliwahesabu. Walikuwa wanane. Wa tano nilitaka kuzungumza, nikameza mate. Wa nane alikuwa mchungaji.

Jioni akanitupia nusu ngozi ya ng'ombe miguuni. "Kata mkanda wa wembe." Hakuongeza neno.

Hapo ndipo niliposomea ngozi. Wa kwanza niliukata tumboni, kwa sababu ni laini na unakatika kirahisi. Meku akauvuta mara mbili mbele yangu, ukarefuka kama ulimi wa mbwa. Ngozi ya mkanda inatoka mgongoni kuelekea kwenye matako, na unakata kwa urefu kufuata uti wa mgongo, ukikata kwa upana inavutika. Wa pili ulikuwa na chapa ya moto. Wa tatu nilikwepa chapa nikaangukia kwenye makovu ya kupe. Ng'ombe wetu wameandikwa na kukwaruzwa na miiba kila mahali, na hilo ndilo linalotuponza kwenye ngozi, si ufundi. Ukipata sentimita hamsini kwa saba safi bila alama, mshukuru mfugaji. Wa nne ulikuwa wa ngozi ya kromu, ile ya buluu ndani. Inateleza, haikamati wembe. Mkanda unataka ngozi iliyodabaghiwa kwa magome, na magome yanayotumika sana huku ni ya miwati, hii inayolimwa kule Njombe. Unene milimita tatu hivi. Unailowesha, unaiweka juu ya marumaru, unaisugua kwa ubavu wa chupa ya soda mpaka vinyweleo vilale na bega likatae, halafu unaikausha kivulini. Juani itajikunja kama chapati.

Alinikatalia mikanda kumi na mmoja. Wa kumi na mbili akaupitishia kiganja, akakaa nao kama dakika nzima, akautundika ukutani bila kusema ni mzuri. Mbaya hakusema pia.

Nilikuja kumwambia siku ninaondoka kwenda kufungua fremu yangu, miaka minne baadaye. Nilianza na utangulizi mrefu, samahani nyingi, shetani alinipitia, na kadhalika. Akacheka mpaka akakohoa. "Wewe, gundi ilinuka mpaka stendi." Kisha akanipa ule mkanda wa farasi. Ninao, uko juu ya msumari wa juu kabisa, na kovu lake. Hakuna anayeugusa.

Kuna aliyeniuliza tena juzi kuhusu ngozi ya farasi. Ile inayosifiwa sana hutokana na tabaka gumu lililo chini ya ngozi ya matako ya farasi, haina vinyweleo kabisa. Kiwanda cha Horween cha Chicago, kilichoanza 1905, kinaichukulia kama miezi sita kuimaliza, na bei yake utaisikia kwenye meno. Kijana wangu akapata wazo, "Kwa nini tusitumie punda?" Acheni punda wa watu. Serikali yetu ilishapiga marufuku kuwachinja, na Februari 2024 Umoja wa Afrika nao ukapitisha katazo la miaka 15 dhidi ya kuwachinja kwa ajili ya ngozi. Ng'ombe wa Kimasai aliyetunzwa anatosha kabisa kwa ndevu zenu hizo nane.

5. Uvute mkanda ukaze, si ukakamae. Ukilegea unabembea na makali yanaviringika. Wembe wenyewe ubebwe na uzito wake. Kuna mtu Pasua nilimkuta kaunasa kwenye usukani wa bodaboda, na bodaboda inanguruma. Nikamwamkia, nikapita.

6. Mafuta. Hapana. Si ya alizeti, si ya nazi, si mgando. Tone la mafuta ya kwato za ng'ombe kwa mwaka, tena kama ngozi imekauka kweli. Siku zote nyingine kiganja kinatosha, ila kinawe kwanza, maana nawajua mnavyokula kitimoto.

7. Vumbi. Hii nilipaswa kuiweka ya kwanza. Kiangazi cha Moshi, kuanzia Agosti, mkanda uliotundikwa karibu na mlango unageuka msasa, na unakula makali kimyakimya huku wewe unamlaumu aliyekuuzia wembe. Futa kabla ya kila kunyoa. Wakati wa masika ni kinyume chake, usiukunje kabatini, utaota ukungu. Uning'inie unapopita hewa.

8. Dawa ya kijani, ile ya kung'arishia makali, ina mkanda wake. Ukishaipaka kwenye mkanda safi, haitoki.

9. Vinyozi mlio kwenye biashara: mteja ni wembe mpya, unavunjwa na kutupwa mbele yake. Mkanda hauchemshwi, na damu haina adabu. Wembe wa kukunja na mkanda ni vya uso mmoja, wako. Kwenye hili sina utani.

10. Ukiukata, na utaukata: mkato wa pembeni mdogo, sugua kwa msasa laini, endelea. Kiulimi katikati, gundi kiasi cha kichwa cha kiberiti, kandamiza usiku kucha, kisha msasa mpaka kiganja kisihisi kitu ukiwa umefumba macho. Ukipita nusu ya unene, ukate uwe mkanda mfupi wa safari. Na useme.

Leo ni Jumatano. Hakuna aliyesema. Wanashona kimya, wanafagia hata ambapo hapajachafuka, na jana mmoja aliniletea maparachichi ya kwao Uru. Nimeyala, yalikuwa matamu. Nusu ngozi iko chini ya meza tangu Jumatatu, na chupa mbili za soda nimeshaziosha.