Kuchanga pesa tununue msitu wa sokwe Kigoma: inawezekana?

Ndugu yangu, umeuliza kama tunaweza kuchangishana tukanunua msitu kule Uvinza ili sokwe wasimaliziwe makazi, kama World Land Trust ya Uingereza inavyofadhili ununuzi wa ardhi nchi mbalimbali tangu 1989. Nia yako nimeipenda sana. Ila kwetu ardhi yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, na ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Mtu akikuuzia msitu wa kijiji kwa karatasi ya mwenyekiti peke yake, kimbia!

Pesa hizo zigharamie mpango wa matumizi ya ardhi: kupima mipaka, vikao, mkutano mkuu wa kijiji, mpaka msitu uwe hifadhi ya kijiji kwa Sheria ya Misitu ya 2002.

Halafu doria. Niliwahi kutembea na walinzi wa kijiji huko. Tuliona kiota cha sokwe juu ya mti, majani bado mabichi, na mbele kidogo tanuru la mkaa linafuka moshi. Mlinzi wetu alivaa kandambili. Kwa kweli iliniuma. Buti na posho zao, anzeni na hizo.