Maswali na majibu: Kupona Korona ukiwa na ugonjwa mwingine mwilini

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Korona si dharura ya kimataifa tena. Virusi vyenyewe bado vipo, na barua zinazonifikia hazijakoma. Wengi wanaoniandikia ni watu wenye kisukari, presha, pumu, VVU, sikoseli, figo dhaifu, au umri mkubwa tu. Wanauliza jambo moja kwa namna nyingi: kipimo kimesema sina virusi, mbona sijapona?

Jibu langu la jumla nalitoa mapema. Kwa mtu wa kundi hili, homa ikishuka ndipo ugonjwa wake wa zamani unapotaka kuangaliwa kwa karibu zaidi. Wapo wanaovuka Korona salama, kisha wakalazwa kwa sukari au presha iliyosahaulika wakati nyumba nzima ilikuwa ikihesabu pumzi zao.

Habari za kazi, dada. Nina miaka 58, nina presha na kisukari. Niliugua Korona wiki sita zilizopita. Nikifagia uwanja au nikifua, siku hiyo najiona mzima, lakini kesho yake na keshokutwa siwezi kuinuka kitandani. Wanangu wanasema nadeka, nijilazimishe mazoezi. Nifanyeje? (Msomaji, Morogoro)

Dada yangu, hudeki. Kuna uchovu wa kawaida, ule unaoisha ukilala usiku mmoja. Na kuna huu wako, unaochelewa kuja: unafanya kazi leo, mwili unakudai kesho au keshokutwa, na deni lenyewe ni kubwa kuliko kazi uliyofanya. Unajulikana kwa waliougua Korona, na unajulikana pia kwa watu waliougua virusi vingine kabla yake. Mwenye uchovu wa namna hii akijilazimisha mazoezi, mara nyingi huzidi kuanguka. Wanao wana nia njema, lakini ushauri wao unafaa kwa uchovu wa aina nyingine.

Unachotakiwa kufanya ni kusimama kabla hujachoka. Naomba uisome sentensi hiyo mara mbili, kwa sababu wanawake wa umri wetu tumelelewa kumaliza kazi kwanza ndipo tukae. Sasa geuza. Fua nguo tatu, si ndoo mbili. Fua umekaa kwenye kigoda, na maji akuletee mtu mwingine. Mchicha uchambue ukiwa umekaa. Oga umekaa. Uwanja afagie kijana. Pumzika katikati ya kazi hata kama unajisikia vizuri, hasa siku unazojisikia vizuri, maana hizo ndizo watu wanazoharibu: wanaamka na nguvu, wanafanya kazi za wiki nzima, kisha wanarudi kitandani.

Chukua daftari la mtoto wa shule, uandike kila jioni ulichofanya na jinsi ulivyoamka asubuhi iliyofuata. Baada ya muda mfupi utaona mwenyewe mpaka wako uko wapi. Ukikaa ndani ya mpaka huo siku kadhaa bila kuanguka, ongeza kidogo. Ukianguka, punguza. Daftari hilo litamsaidia pia daktari.

Lakini usikubali kila kitu kiitwe Korona. Shirika la Afya Duniani, lilipoeleza mwaka 2021 hali ya Korona isiyoisha, lilisema ni dalili zilizopo miezi 3 tangu kuugua, zilizodumu angalau miezi 2, na *ambazo hazielezeki kwa ugonjwa mwingine*. Hilo la mwisho ndilo ninalotaka ulishike. Wewe bado uko wiki ya sita, na una sababu nyingine nyingi za kuchoka. Nenda kliniki, waombe wapime wingi wa damu, sukari, presha, figo, tezi ya shingo na moyo. Wakuangalie na dawa zako za presha, kwa kuwa zipo zinazoleta uchovu. Usiziache wala usizipunguze mwenyewe.

Nawaomba na wanao wasome hapa: mama yenu anaumwa. Mchukulieni ndoo.

Shikamoo mama. Baba yangu ana kisukari. Alilazwa kwa Korona, akawekewa oksijeni na kuchomwa dawa ya deksamethasoni. Amerudi nyumbani, sukari inapanda hadi 18. Jirani anasema ni sukari ya Korona, itashuka yenyewe. Pia baba ananunua vidonge vya deksamethasoni duka la dawa kwa sababu anasema ndivyo vilivyomponya. (Kijana wa Tanga)

Marahaba mwanangu. Nianze na hivyo vidonge, kwa sababu ndivyo vinavyonitia hofu.

Deksamethasoni ni dawa iliyookoa watu wengi. Utafiti wa RECOVERY wa Uingereza ulionyesha Juni 2020 kwamba ilipunguza vifo kwa karibu theluthi moja kwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, na kwa karibu moja ya tano kwa waliohitaji oksijeni. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuonyesha faida. Kipimo kilichotumika ni miligramu 6 kwa siku, kwa siku zisizozidi 10. Baba yako alipewa kwa wakati wake na ikamsaidia. Wakati huo umepita.

Ukiendelea kuinywa, inapandisha sukari na presha, inashusha kinga, na inaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala mwilini kwa miaka. Kama ameinywa siku chache tu, mwambie daktari, ataisimamisha. Kama ameinywa kwa wiki kadhaa, asiache ghafla: dawa hii inafanana na homoni ambayo mwili hujitengenezea, na mwili ukizoea kuipokea kutoka nje hupunguza kutengeneza ya kwake, kwa hiyo dawa hushushwa taratibu chini ya uangalizi. Mpeleke baba kesho na mfuko wa dawa zake zote, pamoja na zile anazoficha chini ya mto.

Sukari ya 18 si ya kusubiri ishuke yenyewe. Maambukizi peke yake hupandisha sukari, na dawa hiyo ikaongeza. Pimeni asubuhi kabla ya kula na jioni, mwandike. Anywe maji ya kutosha, ila kama moyo au figo zake zina shida mwulize daktari kiasi gani. Kama anachoma insulini, asiiache hata siku ambayo hakula vizuri. Kipimo kinaweza kubadilishwa na daktari, lakini kuiacha kabisa ni hatari. Vidonge vya sukari kama metformini huenda vikahitaji kusimamishwa kwa muda kama anatapika au anaharisha, na hilo nalo muulize mtaalamu siku hiyo hiyo.

Ukiona anatapika, anapumua kwa kasi na kwa kina, tumbo linamuuma, au anaongea kama mtu aliyechanganyikiwa, usisubiri asubuhi. Mpeleke saa hiyo.

Baada ya miezi 3 aombe kipimo cha wastani wa sukari. Hicho kitawaambia kama dawa zake za zamani bado zinamtosha.

Nimenunua kifaa cha kupima oksijeni kidoleni. Siku nyingine kinasoma 97, siku nyingine 92, na mimi najisikia sawa. Nina pumu. Nikiamini? (Msomaji, Mombasa)

Kiamini ukishakitumia vizuri. Kaa, pumzika dakika tano, pasha mkono joto, ondoa rangi ya kucha. Piko nyeusi nayo inaweza kukichanganya, kwa hiyo tumia kidole kisichopakwa. Usisome namba ya kwanza, subiri itulie.

Kwa mtu ambaye mapafu yake kwa kawaida ni mazima, 95 na kuendelea ni salama. Ikiwa 93 au 94, pima tena na uwasiliane na mtoa huduma. Ikibaki 92 au chini baada ya kurudia, nenda hospitali hata kama unajisikia sawa, kwa sababu Korona ina tabia ya kushusha oksijeni bila mtu kuhisi. Wewe wa pumu jua namba yako ya siku za kawaida, ndiyo ya kulinganisha nayo.

Kuna jambo linalotuhusu sana sisi wenye ngozi nyeusi. Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwamba vifaa hivi vilikosa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi mara karibu tatu zaidi kuliko kwa weupe. Maana yake ni kwamba kifaa kinaweza kukusomea 95 wakati damu yako iko chini zaidi. Inanikera kwamba kifaa kilichosambazwa dunia nzima kilikuwa na kasoro hiyo kwa miaka. Basi tazama mwenendo wa namba zako, si namba moja. Na ukishindwa kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, nenda hospitali, kifaa kiseme kinavyosema.

Natumia dawa za VVU. Nikipata Korona tena, niache ARV ili dawa zisigongane? (Asiyetaka kutajwa)

Hapana. Usiache hata siku moja. ARV ndizo zinazokulinda.

Kuna dawa ya Korona iitwayo Paxlovid, inayofaa ikianza ndani ya siku 5 tangu dalili zianze. Ndani yake mna ritonaviri, dawa ambayo baadhi ya watu wa VVU wanaifahamu tayari. Inagongana na dawa nyingi: rifampisini ya kifua kikuu, baadhi ya dawa za kifafa, baadhi za mafuta mwilini na za moyo. Mwambie daktari kila unachomeza, pamoja na mitishamba. Kama kinga yako iko chini sana, ujue pia kwamba virusi vya Korona vinaweza kukaa mwilini mwako muda mrefu kuliko kwa wengine, kwa hiyo muda wa kujitenga upangiwe na kliniki yako.

Kikohozi kimebaki wiki ya tano sasa. Ni Korona bado? (Msomaji, Dodoma)

Inawezekana, lakini pima kifua kikuu kwanza. Kikohozi kilichopita wiki mbili katika nchi zetu hakiachwi bila makohozi kupimwa. Ukikohoa damu, ukitoka jasho usiku au ukikonda, nenda leo.

Mimi ni mama lishe, nina presha. Tangu niugue sisikii harufu wala ladha vizuri. Wateja wanalalamika chumvi. (Msomaji, Chake Chake)

Pole sana, najua ni riziki yako. Tatizo la chumvi ni lako wewe kabla ya kuwa la wateja. Asiyesikia ladha huongeza chumvi bila kujua, na presha hupanda. Kuanzia leo pima chumvi kwa kijiko, umpe mtu mwingine aonje. Ongeza ndimu, tangawizi na pilipili manga badala yake. Ukitumia gesi, mwombe aliye karibu awe anakunusia kama inavuja, na usiamini pua yako kuhusu samaki wa jana.

Kuna zoezi la kunusa lililotumika tangu kabla ya Korona: harufu nne, asubuhi na jioni, kila moja kwa sekunde 20 hivi, ukiikumbuka kichwani ilivyokuwa. Harufu za asili za zoezi hilo ni waridi, limau, mkaratusi na karafuu. Wewe uko Pemba, karafuu huendi mbali. Endelea kwa miezi kadhaa; pua hurudi polepole, na wakati mwingine hurudi na harufu zilizopotoka kwanza.

Bibi anataka nijifukize kila jioni ili mapafu yasafishike. (Msomaji, Kahama)

Mvuke unaweza kulegeza pua iliyoziba. Hauui virusi wala hausafishi mapafu. Kwa mwenye pumu unaweza kuchochea shambulio, na maji ya moto chini ya blanketi yameunguza watu wengi. Mheshimu bibi, mwombe akutengenezee chai ya tangawizi.

Binti yangu ana sikoseli, ana miaka 16, yuko bweni. Alilazwa kwa Korona, sasa ametoka. Shule inamtaka arudi Jumatatu. Naogopa. (Mama, Mwanza)

Mama, hofu yako ina sababu. Kwa mwenye sikoseli, maambukizi ya kifua yanaweza kuleta maumivu makali na shambulio la mapafu, na hayo yanaweza kuja hata baada ya siku za kwanza kupita. Jumatatu si lazima. Arudi akiwa anaweza kutembea, kula na kukaa darasani kutwa bila kuanguka siku inayofuata, na baada ya kliniki yake ya sikoseli kumwona na kupima damu. Kama anatumia hidroksiurea na foliki, aendelee kama alivyoandikiwa. Uliza hapo hapo kuhusu chanjo zake, ya Korona kama ipo na zile za nimonia.

Akirudi, mpe barua ya daktari amkabidhi matroni mkononi, na nakala kwa mwalimu wa darasa. Iseme wazi: aruhusiwe chupa ya maji darasani na kwenda msalani anapohitaji, asipewe kazi za nje wala mchakamchaka wa alfajiri mpaka daktari aseme, asioge maji ya baridi kali, alale karibu na dirisha linalofunguka, ndani ya chandarua, na kitanda cha jirani kisibanane na chake. Iseme pia kwamba akifikisha joto la 38, au akilalamika kifua kuuma, au pumzi kumpungukia, au mguu mmoja kuvimba, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na wewe upigiwe simu gari likiwa tayari limeondoka, si kabla, ili pasipotee muda wa kusubiri ruhusa yako.