Kwa mleta uzi wa kisima cha Chalbi: msichimbe penye kijani

Mleta uzi, nimesoma swali lako mara mbili. Kikundi chenu kina pesa ya kisima kimoja tu, pembeni mwa jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya. Mkandarasi anataka kuchimba kule chini kwenye tambarare, penye miti ya miswaki na majani mabichi, kwa kuwa maji yako karibu na gharama itapungua. Mzee mmoja amekataa kata kata, anasema pale ni chumvi tupu. Halafu mwishoni ukauliza jambo ambalo wachangiaji wengi wamelirukia: kama mvua hainyeshi, hayo maji ya jangwani yanatoka wapi?

Mzee yuko sawa. Na ukilijibu swali lako la mwisho, utaona kwa nini yuko sawa.

Nimezunguka na mitambo ya kuchimba visima Marsabit na Turkana miaka tisa. Nilianza kwa kubeba mabomba, nikaishia kukesha na utepe wa kupimia kina, ule unaolia kama simu ukigusa maji. Kisima kilichonifunza zaidi ni kimoja tulichokosea. Palikuwa tambarare kama penu, mswaki kila upande. Maji tuliyapata mita 18 na yalikuwa mengi. Kompresa ikayarusha juu mpaka watoto wakaanza kuoga palepale. Mbuzi akachinjwa. Mama mmoja akachota ndoo ya kwanza, akabandika chai. Maziwa yalipoingia tu yakakatika, yakaelea vipande vipande kama mtindi. Akamwaga, akaosha sufuria, akaanza upya. Yakakatika tena. Kelele zikaisha pale pale, maana hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba maji ni ya chumvi. Ngamia walikunywa. Mbuzi walinusa, wakasimama.

Sasa twende kwenye chanzo. Chalbi kwenyewe haipati hata milimita 200 za mvua kwa mwaka, na jua la huko linaweza kukausha zaidi ya mita 2 za maji kwa muda huohuo. Kwa hesabu hiyo hakuna tone la kushuka chini. Lakini inua macho. Kusini-mashariki una Mlima Marsabit, mita 1,707, wenye msitu na ukungu wa asubuhi. Magharibi kuna Mlima Kulal, unaopita mita 2,200, na kaskazini Milima ya Huri. Mvua ya juu ya Marsabit ni mara kadhaa ya ile ya bondeni, na mwamba wa huko ni wa volkano, umejaa nyufa. Maji yanapenya kabla jua halijayawahi. Hapo ndipo ghala lenu linapojazwa, siku kadhaa za safari kwa ngamia kutoka mnapotaka kuchimba.

Njia ya pili ni laga, yaani mito ya msimu. Mnazijua: mwaka mzima mchanga mkavu, halafu siku moja mafuriko yanashuka na kubeba hata mbuzi. Mchanga ule hunywa maji kwa kasi, na ndiyo maana mnafukua kwa mikono miezi baadaye na kuyapata. Ila tope laini likishatulia juu huziba, na mlango umefungwa mpaka mafuriko mengine yaje yalikwangue. Na si kila mwaka unaojaza. Mvua ndogo hulowanisha udongo na kurudi hewani. Miaka ya mvua kubwa kweli, kama ile El Niño ya 1997–98, ndiyo inayoshusha maji ya maana chini.

Kuna ujanja mmoja wa kupima unaonifurahisha kwa sababu hauhitaji mashine kubwa. Mvua hushuka na kloraidi, sehemu ya chumvi, kidogo sana. Maji yakikauka, kloraidi haiendi nayo, inabaki. Kwa hiyo ukikuta maji ya kisima yana kloraidi mara 50 ya ile ya mvua, na mwamba wenyewe hauongezi chumvi hiyo, basi katika kila lita 50 zilizonyesha ni lita 1 tu iliyofika chini. Nyingine 49 zililiwa na jua na miti.

Yakishafika chini yanatembea, na hilo neno kutembea ni kuyastahi tu. Watu hupenda kusema kuna mto chini ya ardhi. Hakuna. Kuna nyufa, changarawe na majivu ya volkano, na maji yanajipenyeza humo. Tuseme yanakwenda mita 20 kwa mwaka: safari ya kilomita 60 itakula miaka 3,000. Ndiyo maana chemchemi haijali ukame wa msimu mmoja au miwili. Mwaka 2022, mvua zilipokuwa zimekatika msimu baada ya msimu, nilikuta visima vya mchanga vya laga moja vimekauka vyote, na chemchemi iliyo mwendo wa nusu siku kutoka hapo inabubujika kama kawaida. Laga inatumia pesa ya mfukoni, chemchemi inatumia urithi. Urithi ukiufyonza kwa pampu kubwa, haurudi wewe ukiwa bado hai.

Sasa mwisho wa safari, na hapa ndipo mkandarasi wenu anapojichanganya, au anawachanganya. Chalbi ilikuwa ziwa zamani. Chini ya tambarare ile kuna udongo wa ziwa, mfinyanzi mzito usiopitisha maji. Maji yanayoteremka ndani ya lava, ule mwamba wa volkano, yakigonga mfinyanzi hukosa njia, yanapanda. Ndiyo maana Kalacha, Maikona na North Horr zote ziko ukingoni, si katikati. Pale ukingoni maji bado yananyweka, na mikoma inastawi. Yakisogea ndani zaidi yanakaribia uso wa ardhi, jua linayavuta juu kupitia udongo, miti inayanyonya, na kila kinachoondoka kinaacha chumvi yake nyuma. Fanya hivyo maelfu ya miaka bila mlango wa kutokea. Ule ukoko mweupe mnaowachotea mifugo chumvi ndio risiti yake.

Kijani, basi, kinasema maji yako karibu. Hakisemi ni matamu. Mswaki huvumilia chumvi kuliko binadamu. Mti wa mathenge nao, kule Turkana umejaa, mizizi yake inayafuata maji mbali chini. Ukiuona umenawiri usishangilie, huyo ni mteja mwenzako.

Kosa hili halina mdogo wala mkubwa. Septemba 2013 lilitoka tangazo la maji mengi mno chini ya Turkana, mita za ujazo bilioni 250, sehemu kubwa ikiwa kwenye tambarare ya Lotikipi. Dunia nzima iliandika. Visima vya majaribio Lotikipi vikaja kukutana na maji ya chumvi. Wakati huo mji wa Lodwar, hukohuko Turkana, unaendelea kunywa kutoka visima vya kando ya mto Turkwel, ambako mto wenyewe unajazia.

Mchangiaji aliyetaja falaj za Oman kule juu, ile mifereji ya kale ya kuleta maji kutoka chini ya ardhi, kanifurahisha, maana zinathibitisha hili. Kisima mama, umm al-falaj, huchimbwa kuelekea mlimani, halafu maji yanaletwa shambani kwa mteremko wa mfereji. Hawakungoja yafike bondeni yaharibike.

Kwenu: pandeni kuelekea mguu wa mlima, kwenye lava, hata kama ni mita 150 au 200 kwenda chini na mabomba zaidi ya kulaza. Kabla ya hapo zungukeni visima vyote vya jirani na kipimo cha chumvi cha mkononi, mwandike namba kwenye ramani. Mtaona zinavyopanda mkielekea bondeni. Pimeni pia madini ya floraidi, kwa sababu miamba ya volkano huitoa na ulimi hauioni. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani (WHO) ni miligramu 1.5 kwa lita. Mkataba useme wazi kwamba malipo ya mwisho ni baada ya majibu ya maabara. Na pampu iwe ndogo kuliko mnavyotamani, maana ukivuta kwa pupa ukingoni, chumvi ya bondeni inakufuata.

Mkandarasi akigoma, tazama gari lake limebeba nini. Yule wa kwetu alikuja na jerikeni kumi za maji kutoka mjini, na mpaka tunafunga mtambo hakuonja ya kisima chake.