Uliza Fundi: Twita mpya inaungua kila mara

SWALI: Spika zangu zina wufa (spika kubwa ya besi) ya inchi 8 na twita (spika ndogo ya sauti za juu) moja ya omu 8. Twita iliungua, ikabadilishwa, na mpya haikumaliza wiki mbili. Naambiwa nimeuziwa feki. Ni kweli? (Msomaji, Shangani, Mtwara)

JIBU: Feki zipo, lakini kwanza fungua sanduku. Fuata waya wa twita mpaka kwenye tundu za nyuma. Usipokuta kapasita njiani, yaani kifaa kidogo kinachozuia besi na kupitisha sauti za juu, mchawi umempata. Mafundi wengi huunga twita moja kwa moja. Dakika za mwanzo sauti huwa kali, mteja anaondoka anacheka.

Nguvu kubwa ya muziki iko kwenye besi, na waya wa koili ya twita ni mwembamba kama unywele. Kapasita ndiyo mlinda mlango. Ya mikrofaradi 4.7 (kipimo cha ukubwa wa kapasita), kwa besi ya hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, inakinza kama omu 340, hivyo twita inaambulia makombo. Kwa hezi 10,000 inakinza omu 3.4 tu, na sauti inapita.

Kujua ukubwa wa kapasita, zidisha omu za twita kwa hezi unazotaka ianzie, kisha gawa 159,000 kwa jibu hilo. Omu 8 kuanzia hezi 4,000 inatoa karibu 5, kwa hiyo dukani chukua 4.7. Twita ya omu 4 inataka 10. Wengi hukosea hapa: wanabadilisha twita ya omu 8 kwa ya omu 4 na kuacha kapasita ileile.

Nunua kapasita isiyo na chanya wala hasi, yenye maandishi NP au BP, ya volti 50 kwenda juu. Ya 100 ni bora. Ukiikosa, chukua mbili za kawaida za mikrofaradi 10, unganisha hasi kwa hasi, na zile chanya mbili ndizo ziwe ncha zako. Utapata kama 5. Usiweke moja ya kawaida peke yake: umeme wa amplifaya hugeuka mwelekeo kila mara, itavimba na hata kupasuka.

Kama kapasita ilikuwepo na bado twita inaungua, punguza sauti. Amplifaya ikizidiwa hukata vichwa vya mawimbi, na mikato hiyo huzaa sauti kali za juu ambazo kapasita inazipitisha zote. Ukisikia mkwaruzo kwenye shughuli, twita iko motoni tayari.

SWALI: Twita zinalia, ila sauti imefifia. Spika zina miaka mingi. (Msomaji, Lindi mjini)

JIBU: Kapasita za majimaji hukauka, na joto letu linaharakisha. Yeyusha risasi ya kuungia, ng'oa mguu mmoja wa kapasita, ndipo upime. Ukiipima ikiwa imeungwa, mita itakudanganya. Ya 4.7 ikisoma 3, twita ya omu 8 inaanza kulia kwenye hezi 6,600 badala ya 4,200, na sauti za katikati hapo zinafifia. Badilisha za spika zote mbili, la sivyo upande mmoja utalia tofauti. Angalia pia tundu za waya: hewa ya bahari huacha kutu ya kijani. Msasa laini unatosha.

SWALI: Nimeongeza spika ya pili, besi ikapungua badala ya kuongezeka! (Msomaji, Masasi)

JIBU: Moja imegeuzwa waya, karatasi yake inarudi nyuma wakati ya mwenzake inasonga mbele. Chomoa waya kwenye amplifaya, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye ncha za spika kwa sekunde moja tu, chanya kwa chanya. Wufa inatakiwa isogee mbele. Ikiingia ndani, geuza waya.