Mtoto akilia nampa simu, nitaachaje?

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka 3 na nusu. Akinyimwa kitu anajitupa chini, anagaragara, anapiga mateke, hata dukani mbele za watu. Nikimpa katuni kwenye simu ananyamaza hapohapo. Bibi yake anasema anadeka, achapwe. Nifanyeje?

JIBU: Pole mama. Tuanze na hiyo simu. Inamnyamazisha kweli, ila hajifunzi kwamba hasira inakuja na inapita. Kuna utafiti wa Marekani ulitoka 2022 kwenye jarida la JAMA Pediatrics, watoto wa miaka 3 mpaka 5, wale wanaotulizwa kwa simu na tableti mara kwa mara walionekana kulipuka kirahisi zaidi miezi ya mbele, hasa wa kiume.

Na hadeki. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayomwambia mtu subiri, inakomaa mpaka miaka ishirini na kitu huko, sasa wa miaka 3 breki anazitoa wapi? Ukimchapa atanyamaza kwa woga, hasira iko palepale.

Akianza, chuchumaa, shusha sauti, maneno machache: "Umekasirika, ulitaka biskuti." Basi, usimpe mawaidha muda huo maana hasikii. Akikubali kubebwa mbebe, akikataa kaa nae karibu. Ila biskuti usimpe, na hapa ndo wazazi wengi wanateleza, kuelewa hasira yake sio kumpa anachotaka. Akikupiga mzuie mkono taratibu, mwambie "kupiga hapana". Siku za mwanzo kelele zitazidi kwa sababu anaitafuta ile simu, tafadhali usirudi nyuma hapo.

Kumfundisha ni akiwa ametulia. Wakati wa kuoga pulizeni pamoja mapovu ya sabuni polepole, hayo ni mazoezi ya pumzi tayari, na umzoeshe kutaja hasira, wivu, aibu, huzuni. Angalia na usingizi pia, umri huo anahitaji saa 10 mpaka 13 ukijumlisha na wa mchana, maana mtoto mwenye njaa au usingizi utamtuliza mpaka uchoke.

Bibi usibishane nae mbele ya mtoto, mueleze pembeni kwa heshima, mkubaliane jibu moja.

Kama anajiumiza, au analia mpaka pumzi inakata anageuka bluu au anazimia, mpeleke hospitali. Mara nyingi hiyo ya pumzi kukata huisha akikua ila apimwe damu, upungufu wa madini ya chuma unaweza kuchangia na unatibika.